Mkono wa kulia ubaki wa kulia: hatua za kuchagua na kuchora mikono kwenye picha ya mtu

Mwezi uliopita kijana mmoja alishuka kutoka Newala na picha ya bibi yake kwenye simu, akitaka nimwelekeze namna ya kumchora. Uso aliumaliza siku ya kwanza, na ulikuwa uso mzuri kweli: macho yapo, mikunjo ipo, hata ule mwanya wa mbele. Siku tatu zilizofuata zote zilikwenda kwenye mikono. Alipokuwa anafunga mzigo kurudi kwao akaniomba, "Mwalimu, hebu niandikie yale ya mikono, nisije nikasahau." Nimemwandikia, na nimeona niwawekee na wengine.

Wachoraji wengi wa potreti hapa Mtwara wanaikata picha kifuani ili mikono isiingie. Ukiwauliza wanasema mteja anataka sura. Ukweli ni kwamba mikono ni migumu na inakula muda. Lakini mtu mzima wa kwetu ukimchora bila mikono umempigia picha ya kitambulisho tu. Watu wa huku tunasalimiana kwa mikono, tunapokea kwa mikono, tunaomba dua, tunatoa pole na tunagombana kwa mikono. Lugha yenyewe imejaa mikono: mkono wa Idi, mkono wa pole, mkono wa buriani, mkono wa birika, mkono mtupu haulambwi. Anayeitazama picha ukutani anausoma mkono hata kama hajui kwamba anausoma.

Vifaa

Penseli HB, 2B na 4B (4B ndiyo laini na nyeusi kuliko zote), karatasi nzito ya A3, na kile kifutio laini kinachofinyangika kama unga uliokandwa. Manila ya dukani iache, ule upande unaong'aa haushiki penseli vizuri. Miraba pia iache. Najua wengi mnagawa picha miraba na kuinakili kimoja kimoja, na kwa uso inaweza kukusaidia, lakini mkono ulionakiliwa kwa miraba unatoka kama glavu iliyojazwa mchanga. Mkono unataka uuelewe kwanza ndipo uuchore. Zile programu za simu zinazogeuza picha kuwa mchoro sizihesabu kabisa.

Hatua ya 1: Uliza mikono yake ilikuwa inafanya nini

Kabla ya penseli, nenda kaulize. Usiulize "mnataka akae vipi", maana wote watakujibu "kawaida tu". Uliza alikuwa akikaa wapi jioni, na mikononi alikuwa na nini.

Kwa bibi wa Newala jibu lilitoka kwa shangazi yake kijana, kwa simu, baada ya shikamoo na habari za huko: "Mama mikono yake haikukaa bure. Ukimkuta ameketi, anabangua." Basi kazi ikawa imeamuliwa. Korosho za nyumbani zinachomwa motoni kwanza, ganda likiwa jeusi ndipo linapasuliwa moja moja. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu vidoleni. Hata kwa majivu hayo, aliyebangua miaka mingi hubaki na ncha za vidole nyeusi kuliko mkono wenyewe, na weusi pembeni mwa kucha ambao sabuni haiutoi.

Kwenye picha ya simu weusi huo ulionekana wazi, na kijana alitaka kuusafisha. "Mwalimu, watu wataona bibi mchafu." Nikamkatalia kabisa. Nikamwambia, weusi huo ndio uliomsomesha baba yako. Ukiufuta umemchora bibi wa mtu mwingine. Alinyamaza, akaenda nje akampigia shangazi. Aliporudi akachukua 4B.

Hatua ya 2: Chagua ishara, ukijua itasomwaje na watakaoitundika

Hapa ndipo wanaojifunzia kwenye intaneti wanapopotea. Wanaangalia potreti za Ulaya, wanachukua mkao, wanambandika nao mzee wa Mikindani. Mkao ule kule unasema jambo moja, huku unasema jingine kabisa.

Chukua mkono uliowekwa shavuni. Vincent van Gogh alimchora daktari wake, Gachet, mwaka 1890, kichwa kimeegemea mkono. Miaka mingi kabla yake, 1514, Albrecht Dürer alichonga picha ya kiumbe mwenye mabawa aliyeegemeza shavu kwenye ngumi. Kwao ni mkao wa mtu mwenye mawazo mazito, na umebeba heshima ya msomi au msanii. Sisi mkao huo una jina: kushika tama. Mtoto akishika tama mbele ya bibi yake anaondolewa mkono palepale, "unamlilia nani?" Sasa mchore baba wa watu ameshika tama halafu uwapelekee familia sebuleni. Umewapelekea msiba.

Mkono kiunoni ni hivyohivyo. Frans Hals wa Uholanzi alimchora bwana mmoja mwaka 1624, masharubu yameinuka, mkono kiunoni, kiwiko kimetokeza mbele karibu kitoke kwenye picha. Katika potreti za kule kiwiko cha namna hiyo ni cheo, ni ujasiri, ni mtu anayejaza nafasi yake. Mchore mama wa Lindi ameshika kiuno, watu wataanza kuulizana nani kamuudhi. Na ule mkono ulioingizwa ndani ya kizibao, ambao Jacques-Louis David alimchora nao Napoleon mwaka 1812, ulikuwa mkao wa kawaida wa mabwana wa karne ya 18 na maana yake ilikuwa utulivu na malezi mema. Huku utaonekana mtu anapapasa mfuko.

Ipo inayovuka bahari bila kuharibika. Mkono wa kulia kifuani ni mmojawapo. El Greco alimchora mtukufu mmoja wa Hispania hivyo karibu na mwaka 1580, na picha iko Madrid katika makumbusho ya Prado: nguo nyeusi, uso mtulivu, mkono mweupe kifuani kama anayekula kiapo. Mzee wetu wa pwani akishakupa mkono na kuurudisha kifuani anasema jambo la jamaa hiyohiyo, kwamba salamu imetoka moyoni. Itazame picha ile kwa sababu nyingine pia: kidole cha kati na cha pete vimegusana, vingine vimeachana. Ukivitanua vyote vitano kwa nafasi sawa unapata reki.

Mwingine ni wa Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, mkono wa kulia umelala juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Mama aliyeketi, mikono imelala juu ya kanga mapajani, kulia juu ya kushoto, hapa kwetu ni adabu na utulivu, na mimi ndio mkao ninaoanza nao kila nikipata kazi ya mama mtu mzima. Ila angalia: huohuo ukimpa mwanamume aliyesimama, mikono ikapanda juu ya kitovu, Mwislamu yeyote ataona mtu amefunga mikono kwa sala. Kama ndicho unachotaka, sawa. Kama sicho, ishushe.

Vidole navyo vina mambo yake. Cha pili tunakiita kidole cha shahada, na jina linajieleza. Kikinyooka peke yake kwa mzee wa dini kinasomwa kwanza kama ushuhuda wa Mungu mmoja, onyo linakuja baadaye. Kwa upande wa kanisa, kwenye picha takatifu za Kanisa la Mashariki vidole vya Kristo anayebariki hukunjwa kwa mpango maalumu ili vifanye herufi za Kigiriki za jina la Yesu Kristo. Kwa hiyo ukipata kazi ya padri kutoka Ndanda au Masasi usimkunjie vidole ovyo kwa sababu uliona mkao mzuri mahali. Muulize yeye anabariki vipi, akuonyeshe.

Za kwetu wenyewe hizi zisikuponyoke. Mikono kichwani ni kilio. Kidole mdomoni ni mshangao au aibu. Kupokea kwa mikono miwili, au mkono wa kulia ukiwa umeshikwa kiwiko na wa kushoto, ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, kwa hiyo ukimchora baba na mwana wanapeana kitu, mwana ndiye wa mikono miwili. Ukigeuza umemdhalilisha baba. Bakora mkononi ni uzee wenye mamlaka, na kila Mtanzania anajua kifimbo cha Mwalimu Nyerere kilivyosema hata yeye akiwa kimya. Na ile picha ya mwaka 1964 anapochanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, ifunike mikono kwa kiganja chako uone kinachobaki.

Ukiweza, nenda kakae kwa wachongaji saa moja. Kwenye vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa binadamu, wale wazee wenye fimbo na akina mama wenye mitungi, utaona mkono mara nyingi haukuachwa hewani. Umeshika mtungi, umelala gotini, umembeba mtoto. Mpingo ni mgumu lakini kidole chembamba kinachochomoza kinavunjika, kwa hiyo mchongaji anakipa pa kuegemea. Nimechukua hilo kuwa kanuni yangu kwenye karatasi, ambako hakuna kinachovunjika: mkono uguse kitu. Kanga, bakora, bega la mjukuu, ukingo wa kiti. Mkono usiogusa kitu hauna la kusema.

Hatua ya 3: Hakikisha kulia ni kulia

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu ilinila siku tisa na nusura initoe kwenye kazi.

Miaka kadhaa iliyopita familia moja ya Mikindani ilinipa kazi ya kumchora mzee wao aliyekuwa amefariki. Picha nzuri ilikuwa moja tu, selfi aliyopiga mjukuu: mzee amekaa barazani, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Nilichora siku nne, nikaipeleka. Dada mkubwa wa marehemu akaitazama kitambo, akasema kwa upole, "Umemchora vizuri, mwanangu. Lakini ndugu yangu huyu tasbihi hakuishika kushoto hata siku moja."

Nikachungulia simu. Tasbihi iko kushoto. Nikawaonyesha, "Bibi, tazama mwenyewe." Akatazama, akasema, "Basi na simu imekosea." Na alikuwa na haki. Mjukuu alikuwa amepiga kwa kamera ya mbele.

Kosa langu la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza. Nilirudi nyumbani nikafuta mkono, nikauhamishia upande wa pili. Siku mbili. Nilipopeleka, bibi akasema sasa ndiyo hamjui kabisa. Nilikuwa nimegeuza mkono peke yake wakati picha nzima ilikuwa ya kioo. Bega lililokuwa limepanda kwa sababu ya mkono ule likabaki limepanda bila sababu. Baka la shavuni lilikuwa upande usio wake. Hata uso wenyewe ulikuwa umegeuka, na uso wa mtu nusu zake mbili hazilingani: jicho moja liko chini kidogo, mdomo umevutika upande mmoja. Familia ilimjua mzee kwa kukaa naye ana kwa ana, haikumjua kwa kioo. Ikabidi nianze upya karatasi nyingine. Siku tatu.

Basi fanya hivi. Kila picha ya simu uliyoletewa ichukulie kuwa imegeuzwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo. Simu nyingine inahifadhi hivyohivyo, nyingine inageuza yenyewe baada ya kupiga, na mwenye simu anaweza kuwa amebadilisha mpangilio bila kujua. Kwa hiyo kumwuliza "ulipiga kwa kamera ipi" ni mwanzo tu, hakutoshi.

Tafuta maandishi. Kwa akina mama wa kwetu bahati ni kubwa kwa sababu ya kanga: kuza picha usome jina la kanga. Likisomeka, picha iko sawa. Likiwa kinyumenyume, umepata jibu. Fulana yenye maandishi, kalenda ukutani, bango la duka nyuma yake, vyote vinafaa. Kama kuna gari, usukani wa magari yetu uko kulia. Hakuna maandishi? Tazama shati la mwanamume: mfuko wa kifuani kwa kawaida uko kushoto kwake, na vifungo viko upande wake wa kulia, matundu kushoto. Blauzi za wanawake ni kinyume cha hapo, na kwa kuwa tunavaa mitumba, mama anaweza kuwa amevaa shati la kiume, kwa hiyo vifungo peke yake visikuamulie. Saa ya mkononi usiitegemee, wapo wanaovaa kulia. Pete usiitegemee kabisa.

Picha za zamani za studio nazo zisikudanganye kwa kuwa ni za karatasi. Negativu, yaani ile filamu ya picha, ikiwekwa nyuma mbele kwenye mashine ya kusafishia, picha inatoka imegeuka na hakuna aliyejua. Nimeshakutana nayo mara moja kwenye picha ya harusi.

Ukishajua imegeuzwa, igeuze picha nzima ndani ya simu kabla hujachora mstari mmoja. Kwenye sehemu ya kuhariri kuna alama ya pembetatu mbili zinazotazamana, ibonyeze, hifadhi nakala mpya, ile ya zamani ifute usije ukaichanganya saa sita usiku. Narudia: picha nzima. Usiguse mkono peke yake.

Jambo hili halikuanza na simu. Van Gogh alijikata sikio la kushoto, lakini kwenye picha aliyojichora mwaka 1889, ile iliyoko London, kitambaa cha jeraha kiko sikio la kulia, kwa sababu alikuwa akijitazama kwenye kioo. Anayejichora mwenyewe kwa kioo siku zote anabadilishana mikono. Na ujue watu wanaupa uzito mkono ni upi hata huko mbali: Jan van Eyck alipowachora mume na mke wa nyumba ya Arnolfini mwaka 1434, mume amemshika mke kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuinua. Wataalamu wamebishana miaka na miaka juu ya kushoto kule.

Sasa kuna tahadhari moja ambayo bila hiyo hatua hii inaweza kukupeleka pabaya. Wapo watu mashoto. Nilipokwisha kuungua na tasbihi nikawa namgeuza kila mtu kuwa wa kulia, mpaka nikamchora fundi seremala wa Masasi ameshika randa kwa kulia. Mke wake akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia mume wake alichapwa shule nzima ili aache kushoto na hakuacha. Nilikuwa nimemchapa tena. Kwa hiyo uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Alikuwa anakula mkono upi, na alikuwa anafanyia kazi mkono upi?" Ni maswali mawili. Wengi wetu mashoto tumefundishwa kula kwa kulia huku jembe na panga tunashika kushoto. Mkono wa kula, wa kusalimia, wa kutoa na wa tasbihi, familia nyingi zitataka uwe wa kulia. Mkono wa kazi uache ulivyokuwa.

Hatua ya 4: Piga picha ya mikono upya

Picha ya familia haitakupa mikono ya kutosha. Tafuta mtu wa rika lile na kazi ile, umpange kwenye mkao uliouchagua, umpige picha. Kwa bibi wa Newala tulikwenda kwa mama mmoja jirani yangu anayebangua, tukampa shikamoo, tukamweleza, akacheka kwamba mikono yake leo imepata kazi ya kukaa. Tulimlipa. Mlipe. Mikono yako wewe kijana usiiweke kwa bibi wa miaka themanini.

Simama mbali, mita 2 hivi, kisha vuta picha kwa simu mara mbili. Ukisogea karibu, lenzi ya simu inavimbisha kilicho mbele, na kilicho mbele ni mkono. Parmigianino wa Italia alijichora karibu na mwaka 1524 kama alivyojiona kwenye kioo kilichobinuka, na mkono wake mbele umekuwa mkubwa kuliko uso. Yeye alikusudia. Tumia mwanga wa mlangoni asubuhi, taa ya simu zima.

Hatua ya 5: Chora

Kiganja kwanza kama boksi bapa, kidole gumba peke yake kwa sababu kinatazama upande mwingine, vidole vinne kama kundi moja kabla hujavitenganisha. Vifundo vifuate upinde, kamwe si mstari ulionyooka.

Ukubwa pima hivi: weka kitako cha kiganja chako kidevuni, kidole cha kati kitafika juu ya paji la uso. Mkono ni mkubwa kuliko unavyodhani. Wanaoanza wote wanachora mikono ya mtoto.

Jambo moja lililomtesa kijana wangu: vidole ukivitazama kwa nyuma ya mkono ni virefu, ukivitazama kwa kiganjani ni vifupi, kwa sababu ngozi ya kiganja inapanda kati ya vidole kupita kifundo. Mkono una mifupa 27, na 14 ni ya vidole. Huhitaji kuijua kwa majina, lakini vibonyeze vidole vyako mwenyewe mpaka ujue kila mmoja unaishia wapi. Ncha ya kidole cha mwisho inafika karibu na kiungo cha juu cha kidole cha pete. Kucha ni mwisho kabisa, na usizizungushie mstari.

Hatua ya 6: Ngozi yetu

Nyuma ya mkono na kiganja si rangi moja, na mpaka wao unapita ubavuni mwa mkono kama ufukwe. Uchore mpaka huo kwa upole, usiukate kwa kisu. Vifundo ni vyeusi zaidi kwa sababu ya mikunjo, na katikati ya kila kifundo kuna mng'ao.

Kwa rangi ya mafuta au akriliki situmii nyeusi ya kwenye tyubu hata kidogo. Inaua ngozi. Nachanganya kahawia iliyoiva na bluu ya ultramarini, napata weusi ulio hai, kisha naongeza nyekundu kidogo pale damu ilipo karibu, ncha za vidole na pembeni mwa kucha. Mng'ao wa juu ya mkono kwa mtu aliyekaa barazani ni wa samawati, maana ni mbingu inayojitazama pale. Kiganja kinataka manjano na wekundu, nyeupe chache sana. Vidole vya mbanguaji vilitaka mchanganyiko uleule wa weusi, uliopakwa mwembamba mara tatu au nne ili ngozi ionekane chini yake. Ukipaka mara moja kwa unene utafanana na wino.

Hatua ya 7: Peleka mchoro kabla ya rangi, kisha fremu

Mchoro wa penseli ukikamilika, upige picha kwa kamera ya nyuma na uwatumie mikono peke yake, bila uso. Wakiuona uso wataongea habari za uso tu. Shangazi wa Newala alijibu kwa ujumbe wa sauti: dole gumba la mama lilikuwa limepinda ndani kidogo, lilishawahi kuteguka. Kijana alirekebisha kwa dakika kumi. Kwenye rangi ingemchukua siku.

Kwa picha ya karatasi hapa pwani, usiruhusu kioo kigusane na mchoro. Unyevu wa Shangani, hapa Mtwara, unaingia hata kwenye sanduku, na penseli inajibandika kwenye kioo, ukifungua inabaki huko. Weka ukingo wa kadibodi nene kati ya kioo na karatasi, ziba nyuma kwa gundi ya karatasi, na usiitundike kwenye ukuta unaopakana na bafu.